Kontroli hasi ikipanda: kimeng'enya UNG kinatibu nini, na nini hakitibu

Simu tunayopokea mara nyingi zaidi kutoka kwa maabara zinazonunua kwetu vitendanishi vya PCR (kipimo kinachozidisha vipande vya DNA kwa mizunguko ya joto) huanza hivi: "Kontroli hasi imepanda." Ni ile tyubu yenye kila kitu isipokuwa DNA, maji matupu mahali pa sampuli. Ilitakiwa ibaki tuli mpaka mzunguko wa 40. Badala yake, kwenye mzunguko wa 34 au 35 mstari wake unaanza kuinuka kwenye skrini, taratibu, na hapo majibu yote ya siku hiyo yanaingia shaka.

Wengi hudhani tumewauzia vitendanishi vichafu. Huenda ikawa hivyo, ndiyo maana tunauliza kwanza namba ya toleo. Lakini mara nyingi chanzo ni nguvu ya kipimo chenyewe. Kila mzunguko wa PCR huzidisha kipande cha DNA mara mbili. Molekuli moja ikizidishwa hivyo mara 30 bila kupotea kitu inavuka nakala bilioni moja. Sasa chukua tyubu ya mikrolita 25 iliyomaliza kazi ikiwa na nakala trilioni moja. Unafungua kifuniko ili upeleke nakala kwenye jeli. Utando mwembamba wa maji ulioshikana kati ya kifuniko na mdomo wa tyubu unapasuka, vitone vinaruka. Kitone cha pikolita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya mikrolita, hukioni kwa macho, nacho kimebeba nakala 40,000 hivi. Kinatua kwenye pipeti, kwenye glavu, kwenye kitasa cha jokofu. Siku inayofuata unaandaa sampuli mpya kwa pipeti ileile.

Jambo hili linatuuma kwa sababu nyuma ya kila sampuli kuna mtu. Jibu chanya lisilo la kweli linaweza kumwanzishia dawa asizozihitaji, au kumkosesha usingizi kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Hapo ndipo inapoingia UNG, kimeng'enya ambacho Tomas Lindahl alikigundua katika bakteria E. coli na kukitangaza mwaka 1974. Ndani ya seli kazi yake ni kuondoa yurasili, yaani herufi U, inapojitokeza kwenye DNA, mahali ambapo si pake. Mwaka 1990 watafiti walionyesha kwamba kazi hiyohiyo inaweza kusafisha PCR, na ujanja wao unapendeza kwa wepesi wake: kwenye mchanganyiko ondoa dTTP, malighafi ya herufi T ya DNA, weka dUTP, malighafi ya herufi U. Polimerasi ya Taq, kimeng'enya kinachonakili DNA kwenye PCR, inaipokea U bila tabu, kwa hiyo kila nakala inayozaliwa kwenye maabara yako inabeba alama ya U. DNA ya mgonjwa au ya kimelea ina T.

Kabla kazi mpya haijaanza, mashine inakaa nyuzi 50 kwa dakika 2. UNG inanyofoa kila U inayoikuta kwenye DNA na kuacha mapengo. Joto likifika nyuzi 95, uzi wa DNA unakatika penye mapengo hayo, na nakala za jana haziwezi tena kuzidishwa. DNA yenye T haiguswi.

"Na virusi vya RNA, ambavyo U ni herufi yao ya asili?" Tunaulizwa sana, na ni swali zuri. UNG haishambulii RNA. Hatari iko hatua moja mbele: ukigeuza RNA kuwa DNA ndani ya tyubu ileile yenye dUTP, DNA hiyo changa ina U, na UNG iliyo hai kwenye nyuzi 50 itaila. Kwa kazi hiyo tunapendekeza UNG isiyostahimili joto, kwa mfano ile iliyotokana na samaki wa maji baridi ya Atlantiki. Inasafisha kwenye joto la chumba, kisha inakufa joto linapopanda, wala haifufuki. Ile ya E. coli haifi yote; sehemu yake hubaki hai. Ukiiacha tyubu mezani usiku kucha, inaweza kuanza kuzila nakala ulizokusudia kuzitumia kesho. Igandishe mara tu mashine inapomaliza.

Kuna mahali UNG haisaidii, na tungependa ulijue hilo kabla hujalipa. Uchafu wa zamani uliotengenezwa kwa dTTP hauna U, kwa hiyo utaendelea kukusumbua mpaka usafishe meza kwa klorini, ubadilishe vitendanishi ulivyokwisha kufungua na utenge chumba cha kuandalia na chumba cha kufungulia tyubu. Sampuli iliyomwagikia sampuli jirani nayo ina T. Polimerasi kama Pfu, zinazojisahihisha zenyewe, hukwama zikikuta U. DNA iliyopitishwa kwenye bisalfaiti, kemikali inayogeuza herufi C kuwa U, ina U zake yenyewe, na UNG itaiharibu.

Na kama unatumia rangi inayong'aa kwenye DNA yoyote, tazama kwanza mkunjo wa kuyeyuka, yaani mchoro unaoonyesha nyuzi mbili za DNA zinaachana kwenye joto gani. Kilele cha kontroli hasi kikiwa kwenye joto la chini kuliko cha sampuli chanya, yaelekea praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, zimeungana zenyewe kwa zenyewe. Hapo unahitaji polimerasi inayoamshwa kwa joto, au praima mpya.

Unapotuandikia, tuma picha ya mikunjo yote, ya kontroli zote, si ile iliyoharibika peke yake. Tuambie aina ya polimerasi, kama mchanganyiko una dTTP au dUTP, na tyubu zilizomaliza kazi hufunguliwa chumba gani. Tukiona tatizo ni mpangilio wa vyumba, tutakushauri uanze na vyumba, na UNG uiagize baadaye.