Rekodi za watafiti wa lugha zisipotee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utafiti wa uzamili na uzamivu katika isimu, yaani taaluma ya uchunguzi wa lugha. Tanzania ina lugha zaidi ya 100, na kwa mtafiti kijana hiyo ni hazina adimu: mbali na lugha za Kibantu zilizo nyingi zaidi, kipo Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, zipo lugha za Kiniloti kama Kimaasai, na wapo Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ambao lugha yao yenye vidoko (sauti za kualika ulimi) haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote.

Mwanafunzi huenda uwandani, huketi na wazee, hurekodi hadithi na mazungumzo yao, kisha huandika tasnifu juu ya kipengele kimoja, tuseme viambishi vya wakati. Tasnifu hubaki maktabani, lakini rekodi zenyewe, ambazo kwa maoni yangu zina thamani kuliko sura nzima ya mapitio ya maandiko (sura ambayo wasimamizi huipenda mno), mara nyingi huishia katika kompyuta ya mwanafunzi na kufa nayo.

Napendekeza vyuo vyetu visimtunuku mtu shahada kabla hajakabidhi rekodi hizo pamoja na unukuzi wake (maandishi ya yaliyosemwa), kwa ridhaa ya wasemaji, kwenye makavazi, yaani hifadhi ya kumbukumbu, ya chuo, na nakala ipelekwe kijijini zilikotoka. Kinachohitajika zaidi ni kanuni ya seneti ya chuo na mtu wa kuisimamia.

Mdau wa isimu,
Dodoma