Barua ya wazi kwa shangazi yangu wa Obunga: moshi na kifafa

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Uliuliza kama moshi wa pale unapokaangia mgongo wazi (mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kuondolewa), pamoja na ule wa taka zinazochomwa mtaani na wa magari ya Kondele, unaweza kumzidishia mwanao kifafa. Nakujibu hadharani kwa sababu akina mama wengi wa Kisumu wana swali hilo hilo, na majibu wanayopewa na majirani hayanipendezi.

Huenda moshi unachangia. Watafiti nchini Chile walilinganisha uchafu wa hewa wa kila siku na idadi ya waliolazwa hospitalini kwa kifafa, wakaona kwamba hewa ilipochafuka wagonjwa waliongezeka. Uhusiano kama huo umeonekana pia Xi'an, China. Chembe laini za moshi, zisizozidi maikromita 2.5, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu na kuamsha uvimbe (si jipu, ni mwili kujibu kana kwamba umejeruhiwa) ambao wanasayansi wanashuku kwamba huuchokoza ubongo. Hata hivyo tafiti hizo huhesabu umati wa watu, wala hakuna daktari mwaminifu atakayekuapia kwamba kijana alianguka Jumanne kwa ajili ya moshi wa Jumanne.

Mimi ninaihofia zaidi njia ya kuzunguka. Mtoto anayevuta moshi kutwa hukohoa usiku, na anayekohoa usiku halali vizuri, ilhali kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kwa kuchochea kifafa. Moshi huohuo huongeza hatari ya nimonia, nayo homa ikipanda, mwenye kifafa huwa karibu zaidi na kuanguka. Kwa hiyo kikohozi chake usikidharau hata kidogo.

Sasa yule jirani anayekushauri umpeleke kijijini akapumue hewa safi na kuacha dawa. Jiko la kuni ndani ya nyumba isiyo na madirisha ya kutosha linaweza kuwa na moshi mwingi kuliko barabara yoyote ya Kisumu (jirani mwenyewe amekulia humo, sijui amesahauje). Kuhusu dawa, kuzikatiza ghafla kunaweza kumletea mshtuko mrefu wa kifafa usiokoma, ambao huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo, na hakuna hewa safi ya mahali popote inayoweza kuahidi hivyo.

Ninachokuomba ni kuhamishia karai mahali pa wazi ambapo upepo hauelekezi moshi kwenye chumba anacholala, na usilaze jiko la makaa ndani usiku, kwa maana kaboni monoksidi haina harufu na huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kijana asikusaidie kukaanga. Akianguka karibu na mafuta yanayochemka, kuungua kutakuwa balaa kubwa kuliko moshi wenyewe. Kila anapoanguka, andika tarehe na saa, kama alikuwa amelala vizuri, kama alikunywa dawa, na kama moshi ulikuwa mwingi, kisha umpelekee daktari daftari hilo siku ya kliniki.

Mpwa wako, Nakuru