Wapeni wasomaji mti wa madirisha kabla ya picha

Mhariri,

Makala kuhusu programu za kupanga madirisha kwenye Linux, zile zinazoendeshwa kwa kibodi bila kugusa kipanya, karibu zote zina sura moja: picha ya skrini iliyopambwa, faili refu la usanidi la kunakili, na ahadi kwamba kazi itakwenda kasi. Msomaji ananakili, anawasha kompyuta, na baada ya muda mfupi dirisha jipya linafunguka mahali asipopataka wala hajui kwa nini. Naomba safu yenu ya teknolojia ianzie kwenye jambo ambalo makala hizo hulirukia: mti wa makontena.

Nitatumia i3, programu iliyoanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009, kwa sababu humwachia mtumiaji aamue kila mgawanyo mwenyewe. Sway, ambayo ni ya Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux), hufuata amri zilezile kwa sehemu kubwa. Ndani ya i3 kila skrini ina nafasi za kazi, kila nafasi ya kazi ina makontena, na ndani ya kontena mna madirisha au makontena mengine. Kontena huwa na mpangilio mmoja kati ya minne: splith huweka watoto wake ubavu kwa ubavu, splitv huwaweka juu na chini, tabbed huwaonyesha kama vichupo, na stacked huwarundika vichwa vyao vikiwa vimepangwa mstari juu ya mstari. Mpangilio ni wa kontena, yaani mzazi. Dirisha hurithi tu mahali pake. Asiyelijua hilo ataona hitilafu kila kona pasipo na hitilafu.

Chukua mpangilio wa kawaida kabisa: kihariri cha maandishi kushoto, na kulia terminali mbili (madirisha ya kuandikia amri), moja juu ya nyingine. Kwa vitufe vya i3 visivyobadilishwa, ambamo $mod ni kitufe kikuu ulichochagua, Alt au Windows, fungua kihariri, kisha bonyeza $mod+Enter, na terminali itakaa kulia. Ukiwa kwenye terminali hiyo bonyeza $mod+v, halafu $mod+Enter tena. Ya pili itakaa chini yake. Kihariri kitabaki na nusu ya skrini na kila terminali itapata robo. Wengi hukosea kwenye $mod+v. Ukiibonyeza ukiwa umerudi kwenye kihariri, terminali ya pili itafunguka chini ya kihariri, kwa sababu ndicho kilichotiwa ndani ya kontena jipya la wima.

Kuna dalili inayoonyesha hali hiyo kabla dirisha halijafunguka. Dirisha likiwa peke yake ndani ya kontena, ukingo mmoja wa fremu yake hubadilika rangi: wa kulia kama lijalo litakaa ubavuni, wa chini kama litakaa chini yake. Rangi hiyo ni ya nne kwenye mstari wa client.focused wa faili la usanidi, na ya kuanzia ni #2e9ef4, bluu ambayo haitofautiani sana na bluu ya fremu yenyewe. Iandike upya iwe rangi ya chungwa au nyekundu, itaonekana mara moja. Anayeondoa fremu zote kwa default_border none ili picha ipendeze ameiondoa na dalili hiyo.

Kanuni ileile inaeleza vichupo. Ukiwa kwenye terminali mojawapo ukabonyeza $mod+w, zile mbili tu zitageuka vichupo upande wa kulia. Ukiibonyeza ukiwa kwenye kihariri, nafasi yote ya kazi itageuka: kihariri kitakuwa kichupo kimoja na terminali zote mbili zitakuwa ndani ya kichupo cha pili. Kurudi ni $mod+e, lakini ukiwa palepale ulipoharibia.

Madirisha yaliyokwisha kufunguliwa hayana haja ya kufungwa ili yapangwe upya. Yakiwa matatu ubavu kwa ubavu na unataka la kati na la kulia yakae juu na chini, nenda la kati ubonyeze $mod+v, kisha nenda la kulia ulisukume kushoto kwa $mod+Shift+j. Litaingia ndani ya kontena badala ya kubadilishana nafasi na jirani yake. Bila ile $mod+v ya kwanza, yatabadilishana tu.

Kisha kuna $mod+a, inayokupandisha kwa mzazi. Hapo amri yoyote inalihusu kontena zima, na ndiyo njia ya kuhamisha kundi la madirisha kwenda nafasi nyingine ya kazi kwa pigo moja. Kwa sababu hiyohiyo, $mod+Shift+q ukiwa kwa mzazi hufunga madirisha yote yaliyo ndani yake. Njia ya kushuka, focus child, imeandikwa kwenye faili la mwanzo ila imezimwa, kwani $mod+d iliyopendekezwa pale tayari inaita dmenu, menyu ya kufungulia programu. Ipe kitufe kilicho huru:

bindsym $mod+c focus child

Kuhusu vitufe vyenyewe, i3 hutumia j, k, l na nukta mkato kuhama dirisha hadi dirisha. Waliozoea kihariri cha Vim hubadilisha kuwa h, j, k, l na kusahau kwamba $mod+h tayari ni ya kugawa kwa ulalo. Matokeo yake ni ujumbe wa kosa wa kitufe kilichorudiwa. Hamishia mgawanyo kwenye kitufe kingine kwanza, ukague faili kwa i3 -C, ndipo ubonyeze $mod+Shift+c ili i3 ilisome upya.

Ukubwa nao una kanuni yake. Faili la mwanzo hupanua au kupunguza kwa 10 px au 10 ppt. Px, yaani pikseli, hutumika kwa madirisha yanayoelea, na ppt, yaani asilimia, kwa yaliyopangwa. Asilimia 10 ni hatua kubwa mno; 2 inatosha kurekebisha kwa jicho. Unayejua upana unaoutaka, uandike moja kwa moja:

bindsym $mod+g resize set width 65 ppt

Ukiibonyeza kwenye kihariri, kitapata asilimia 65. Ukiibonyeza kwenye terminali ya kulia, i3 itapanda mti hadi ikute kontena lenye ndugu wa ubavuni, na kundi zima la kulia litapata 65. Ikiwa hakuna ndugu wa kumpunguzia, hakuna kitakachobadilika.

Sasa kuhifadhi mpangilio, mahali ambapo wengi hukata tamaa. Amri ni hii:

i3-save-tree --workspace 1 > ~/.config/i3/kazi.json

Inahitaji moduli mbili za lugha ya programu ya Perl, AnyEvent::I3 na JSON::XS, ambazo baadhi ya mifumo haiziweki pamoja na i3. Faili linalotoka halitumiki vile lilivyo. Kila dirisha lina sehemu ya swallows inayotaja sharti la dirisha litakalochukua nafasi hiyo, na masharti yote yametanguliwa na mistari miwili ya mshazari, yaani yamezimwa. Washa unaloliamini: class (jina la aina ya programu) au instance (jina la dirisha lenyewe). Title ni ya kuepuka, maana kichwa cha dirisha hubadilika kila ukifungua faili jingine. Mkato unaofuata sharti la mwisho uliloliwasha ufute, la sivyo faili halitasomeka.

Majina ya kuandika yanapatikana kwa xprop, amri inayoonyesha sifa za dirisha. Andika amri hiyo, bofya dirisha, utafute mstari wa WM_CLASS. Kwa xterm utaona "xterm", "XTerm": la kwanza ni instance, la pili ni class. Ukiyageuza, au ukipuuza herufi kubwa, dirisha halitaingia mahali pake na utabaki na fremu tupu yenye maandishi ya sharti ulilolikosea. Alama za ^ na $ hulifunga jina pande zote mbili ili lisilingane na jina refu zaidi.

Terminali mbili za aina moja zina class moja, hivyo itakayowahi ndiyo itakayopata nafasi ya kwanza, na leo inaweza kuwa hii, kesho ile. Zipe majina tofauti, na sharti la kila moja liwe instance. Pia usitegemee mistari kadhaa ya exec, ile ya kuanzisha programu, ndani ya faili la i3, kwa kuwa haisubiriani. Andika skripti moja, ambamo append_layout hurudisha mpangilio uliohifadhiwa kisha terminali hufunguliwa:

i3-msg 'workspace 1, append_layout /home/jina/.config/i3/kazi.json'
xterm -name juu &
xterm -name chini &

Iite skripti hiyo kwa exec. Ukitumia exec_always itarudia kila unapowasha i3 upya kwa $mod+Shift+r, na fremu tupu zitarundikana.

Sway haina append_layout, na hilo liandikwe waziwazi kila inapoelezwa kuwa mbadala wa i3. Humo utatumia alama: ukiwa kwenye terminali ya kulia toa amri mark kulia, kisha programu nyingine uielekeze kwa for_window ikiwa na move container to mark kulia. Programu za Wayland hutambuliwa kwa app_id; class ni ya zile za mfumo wa zamani wa X11, zinazopitia daraja la XWayland.

Asiyependa mtindo wa i3 ana bspwm, ambayo kila tawi la mti wake lina watoto wawili kamili, hivyo safu tatu zilizo sawa hupatikana kwa uwiano wa 0.33 na kisha 0.5. Ana pia herbstluftwm, ambako fremu huweza kuwepo kabla ya dirisha, na mpangilio huhifadhiwa kwa herbstclient dump na kurudishwa kwa load. Kwa maoni yangu hii ya mwisho ndiyo inayomfaa zaidi anayetaka skrini isiyobadilika sura.

Anayetumia skrini mbili za upana tofauti aandae mafaili mawili ya mpangilio. Thamani ya percent ndani ya faili ni sehemu ya kontena mzazi; kwa kontena lililo moja kwa moja chini ya nafasi ya kazi yenye splith, ni sehemu ya upana wa skrini: 0.35 ya pikseli 1920 ni 672, lakini ya 1366 ni 478 tu, na terminali ya herufi 80 zenye upana wa pikseli 6 inahitaji 480 bila kuhesabu fremu. Kwenye skrini ndogo anzia 0.4.

Msomaji wa safu ya teknolojia