Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeomba Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya uuguzi Ujerumani

Mdogo wangu,

Rasimu ya barua yako ya maombi nimeisoma yote. Kila ulipofikiria -ta- umeandika werde: Ich werde im September anfangen, ich werde drei Jahre lernen, ich werde dann arbeiten (nitaanza Septemba, nitasoma miaka mitatu, kisha nitafanya kazi). Kisarufi hujakosea, lakini barua inachosha na Mjerumani haandiki hivyo. Neno la wakati likishakuwepo, kitenzi hubaki katika wakati uliopo: Im September beginne ich die Ausbildung (Septemba naanza mafunzo). Hapo hakuna atakayedhani unazungumzia leo.

Werde iwekee ahadi au utabiri, na ukiitumia, kitenzi kikuu kinakwenda mwisho kabisa: Ich werde die Unterlagen bis Freitag nachreichen (nitaleta nyaraka zilizobaki kufikia Ijumaa). Ukianza na wakati, kitenzi kinachobadilika kufuata nafsi kinashika nafasi ya pili na ich inakifuata: Nach der Ausbildung möchte ich… (baada ya mafunzo ningependa…). Wewe umeandika Nach der Ausbildung ich möchte, na kosa hilo linaonekana kabla hata msomaji hajafika kwenye sababu zako.

Mipango yako iandike kwa möchte. Will ya Kijerumani ni "nataka", tena kwa mkazo. Kiingereza cha shuleni, ambako will ni wakati ujao, kisikuponze. Unaweza pia kutumia vorhaben (kukusudia): Ich habe vor, mich nach dem Abschluss weiterzubilden (nakusudia kujiendeleza baada ya kuhitimu). Weka koma baada ya vor, na zu iingie katikati ya kitenzi, neno moja. Zu weiterbilden ni kosa.

Palipo na "nitakapopata" ndipo wengi wetu tunateleza, kwa sababu -taka- inadai wakati ujao. Kijerumani hakiudai: Sobald ich das B2-Zertifikat habe, schicke ich es Ihnen (nitakapopata cheti cha Kijerumani cha kiwango cha B2, nitawatumia). Vitenzi vyote viwili viko wakati uliopo.

"Baada ya miaka mitatu" nayo ina njia mbili. Ukihesabu kuanzia leo ni in drei Jahren. Ukihesabu kuanzia tukio jingine, mfano siku utakayoanza kazi, ni nach drei Jahren. Ukizichanganya, mwajiri atakosea tarehe zako.

Tena, "kusoma" si studieren kila mahali. Studieren ni ya chuo kikuu. Ukimwandikia mwajiri Ich möchte Pflege (uuguzi) studieren, atajiuliza kwa nini umeomba kwake. Andika: Ich möchte eine Ausbildung zur Pflegefachfrau machen, au Ich möchte Pflegefachfrau werden, bila eine mbele ya jina la kazi. Hapo werden maana yake ni "kuwa", wala haihusiani na wakati ujao. Na Krankenschwester, jina la zamani la muuguzi, iache. Mafunzo mapya yaliyoanza 2020 yanatoa cheo cha Pflegefachfrau.

Aya ya mwisho ndiyo dhaifu zaidi. Ich werde viel Erfahrung sammeln (nitapata uzoefu mwingi) haimwambii mtu kitu. Taja hatua halisi: Nach der Ausbildung möchte ich auf einer Intensivstation arbeiten und mich später zur Praxisanleiterin weiterbilden (baada ya mafunzo ningependa kufanya kazi katika wodi ya wagonjwa mahututi, na baadaye nijiendeleze niwe Praxisanleiterin). Praxisanleiterin ndiye mwelekezaji wa wanafunzi wodini. Anahitaji angalau mwaka 1 wa uzoefu na mafunzo ya ziada ya saa 300. Ukiyajua hayo, mpango wako unaaminika.

Kwenye usaili jiandae kuulizwa Wo sehen Sie sich in fünf Jahren? (Unajiona wapi miaka mitano ijayo?) Mafunzo ni miaka 3, uzoefu mwaka 1, kisha kozi, kwa hiyo hesabu inakubali. Jibu: In fünf Jahren möchte ich als Praxisanleiterin arbeiten.