Muda wa mbio fupi uandikwe pamoja na upepo wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna matokeo ya mbio fupi yanavyotangazwa na kuandikwa katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi. Kila unapofika msimu wa michezo ya shule, kurasa za michezo hujaa muda wa vijana waliokimbia mita 100 na mita 200, na si ajabu kusoma kwamba kijana fulani ametumia sekunde 10.4, na kwamba akipata matunzo kidogo atawafikia wakimbiaji wakubwa wa dunia. Vipaji vya vijana hao sina shaka navyo, kwani ninawafundisha na ninawaona. Ombi langu ni kwamba namba hiyo isisimame peke yake. Muda wa mbio fupi usiotajiwa upepo, hali ya uwanja na namna ulivyopimwa haumpi msomaji jambo la uhakika, na mtoto mwenyewe unaweza kumponza.

Nianze na upepo, maana ndio unaotugusa zaidi sisi watu wa pwani ya kusini. UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari, hufanyika katikati ya mwaka, wakati upepo wa kusi umeshika kasi. Kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani zinasema kuwa rekodi ya mita 100, mita 200, mbio za viunzi za mita 100 na 110, pamoja na kuruka chini na miruko mitatu, haitambuliwi ikiwa upepo wa mgongoni ulizidi wastani wa mita 2.0 kwa sekunde. Kasi hiyo ni sawa na kilomita 7.2 kwa saa, upepo mwepesi wa kuchezesha majani tu. Ule unaoinamisha makuti ya minazi Mikindani mchana wa mwezi Juni umekwishauvuka mpaka huo, na mtoto anayekimbia nao mgongoni anasukumwa hata kama yeye mwenyewe hahisi kitu.

Jinsi upepo unavyofanya kazi inafaa ielezwe, kwa sababu wengi hudhani kwamba upepo wa nyuma na wa mbele hufidiana. Havifidiani. Nguvu ya hewa inayomzuia mkimbiaji hukua kwa kipeo cha pili cha kasi anayokutana nayo, yaani kasi kuzidishwa kwa yenyewe. Mkimbiaji wa mita 10 kwa sekunde, hewa ikiwa imetulia, anakutana na hewa ya kasi ya 10, ambayo kipeo chake ni 100. Akisukumwa na upepo wa mita 2 anakutana na kasi ya 8, yaani 64, na akiupokea upepo huohuo kifuani anakutana na kasi ya 12, yaani 144. Wa nyuma umempunguzia 36, wa mbele umemwongezea 44. Kwa hiyo mtoto aliyepangwa kukimbia dhidi ya kusi hupoteza zaidi ya kile ambacho mwenzake wa upande wa pili amepata. Kwa wakimbiaji wa kiwango cha juu, upepo wa nyuma wa mita 2 hupunguza takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde katika mita 100 kwa wanaume, na zaidi kidogo kwa wanawake. Mbele ya macho ya watazamaji hiyo ni kama mita moja kwenye mstari wa kumalizia, na wengi hushinda au kushindwa kwa chini ya hapo. Katika fainali ya mita 100 ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Noah Lyles alimshinda Kishane Thompson kwa sehemu tano za elfu moja za sekunde, 9.784 kwa 9.789.

Ndiyo maana duniani muda hauandikwi bila upepo wake. Rekodi ya Usain Bolt ya sekunde 9.58, Berlin mwaka 2009, ilikuwa na upepo wa nyuma wa mita 0.9. Sekunde 9.77 za Ferdinand Omanyala, alizokimbia Kasarani mwaka 2021 na kuwa rekodi ya Afrika, zilikuwa na upepo wa 1.2, na Nairobi iko juu, mahali ambapo hewa ni nyepesi na humzuia mkimbiaji kidogo zaidi. Tyson Gay alikimbia 9.68 mwaka 2008 huko Eugene, Marekani, lakini upepo ulikuwa 4.1, na muda huo haumo katika orodha ya rekodi. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Tobi Amusan wa Nigeria. Katika uwanja huohuo wa Eugene, Julai 2022, alivunja rekodi ya dunia ya mita 100 viunzi katika nusu fainali kwa sekunde 12.12, upepo ukiwa 0.9. Siku hiyohiyo alikimbia fainali kwa 12.06, lakini upepo ulikuwa 2.5. Medali ya dhahabu alipewa bila swali, kwa sababu wote waliokuwa kwenye fainali walisukumwa na upepo uleule, na rekodi iliyobaki ni ile ya 12.12. Hakuna aliyemdharau. Ushindi ni kitu kimoja na muda ni kitu kingine, na sisi tunavichanganya.

Hata wakubwa wenye vifaa bado wana deni katika jambo hili. Sekunde 10.49 za Florence Griffith-Joyner, rekodi ya dunia ya mita 100 kwa wanawake, Indianapolis mwaka 1988, ziliandikwa zikiwa na upepo wa 0.0, ilhali kipimo cha miruko mitatu uwanjani hapohapo kilikuwa kikionyesha zaidi ya mita 4. Rekodi hiyo haijafutwa, na mjadala wake haujaisha hadi leo. Kama kipimo chenye mashaka kinaweza kuacha mjadala wa miaka yote hiyo, sisi tusiokuwa na kipimo kabisa tunapaswa kuwa waangalifu zaidi na maneno yetu.

Baada ya upepo kuna saa. Katika mashindano yetu mengi muda hupimwa kwa saa ya mkono, na wapima muda husimama kwenye mstari wa kumalizia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa bastola huwafikia wakiwa wamechelewa karibu sehemu tatu za kumi za sekunde. Kanuni inawataka wabonyeze saa wanapoona moshi au mwako, lakini penye filimbi au mbao mbili zinazogonganishwa hakuna moshi wa kuona, na mtoto hupunguziwa muda ambao hakuukimbia. Hata saa ya mkono ikitumiwa vizuri, wanariadha hukubali tofauti ya sekunde 0.24 wanapoilinganisha na mitambo ya umeme. Mtu achukue ile 10.4, aongeze tofauti hiyo, kisha aondoe msaada wa upepo wa mita 4 tuseme, atabaki karibu na 10.8. Huo bado ni muda mzuri sana kwa kijana wa sekondari anayekimbia kwenye mchanga, na anastahili kupongezwa kwa huo huo.

Uwanja nao una mambo yake, mengine ya kumnyima mtoto na mengine ya kumpa asichostahili. Njia ya tartani, yaani ile ya kisasa yenye tabaka linalofanana na mpira, iliyotumika kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, hutengenezwa kwa kipimo ili isiwe laini kupita kiasi wala ngumu kupita kiasi, na mkanyago wa mkimbiaji huibonyeza kwa milimita chache tu. Viwanja vyetu vya shule havina hali hiyo. Mizunguko ya asubuhi hukimbiwa juu ya ardhi iliyoshikana kwa umande, na kufikia alasiri njia namba moja na mbili zimechimbuliwa, mistari ya chokaa imefutika, na miguu inazama kwenye mchanga kila hatua. Upande wa pili, kanuni inaruhusu mteremko wa moja kwa elfu tu kuelekea mwendo wa mbio, yaani sentimita 10 katika mita 100, na vipo viwanja vyetu ambavyo mpira ukiachwa huteremka wenyewe. Urefu pia hupimwa kwa kamba ya katani, ambayo hunyooka kadiri inavyovutwa. Kosa la mita moja tu ni sehemu nyingine ya kumi ya sekunde.

Ninayeumia kwa ajili yake ni mtoto wa Newala au Nachingwea anayeachwa nyumbani kwa sababu muda wake wa wilaya ulikuwa mkubwa kuliko wa mwenzake wa mjini, wakati mmoja alikimbia na kusi usoni na mwingine likiwa mgongoni. Timu ya mkoa isichaguliwe kwa kulinganisha karatasi za wilaya mbalimbali. Wanaokaribiana wakutanishwe, wakimbizwe mbio moja, uwanja mmoja, na nafasi ya kumaliza ndiyo iamue. Hata katika mchujo wa siku moja, ni heri kuwavusha waliotangulia katika kila kundi kuliko kuwapigia hesabu ya muda, kwa kuwa upepo hubadilika kati ya kundi moja na jingine.

Kipima upepo cha kushika mkononi kipo, na gharama yake haipaswi kuwashinda waandaaji wa mkoa wanaonunua jezi na vikombe kila mwaka. Hakitatoa rekodi rasmi, lakini kikisimamishwa kando ya njia ya kwanza, mita 50 kabla ya mstari wa kumalizia na kwa kimo cha mita 1.22, kisha kikasomwa kwa sekunde 10 tangu mbio za mita 100 zinapoanza, kitatuambia ukweli mwingi kuliko tulionao sasa. Nawaomba pia waandishi wako, Ndugu Mhariri, wamuulize mwamuzi maswali matatu kabla ya kuondoka uwanjani, yaani upepo ulikuwa kiasi gani, saa ilikuwa ya aina gani, na mbio zilikimbiwa juu ya nini. Kama upepo haukupimwa, iandikwe hivyo hivyo kando ya muda: saa ya mkono, upepo haukupimwa.

Mwalimu wa michezo,
Mikindani, Mtwara.