Kwa akina bibi tunaokwenda kuuguza wazazi

Ndugu zangu, mama na bibi wenzangu wa Tanga,

Ninawaandikia ninyi, wala si mabinti zetu, kwa sababu katika zile siku arobaini baada ya kujifungua mlango wa chumba cha mzazi huwa mikononi mwetu: sisi ndio tunaomkanda kwa maji ya moto, tunaompikia uji wa pilipili manga, na mara nyingi ndio tunaoamua mtoto aonje nini kwanza.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza mwaka 1979, mama mkwe wangu, ambaye alinipenda kama mwanawe, alinikamua dang'a katika kikombe cha bati na kuimwaga nyuma ya nyumba, akisema kwamba maziwa yale ya njano yamelala kifuani miezi mingi na yameharibika. Mtoto akapewa maji ya vuguvugu yenye sukari, kijiko kwa kijiko, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Februari na tuliogopa joto litamkausha. Wiki ya tatu aliharisha mpaka utosi ukabonyea. Vidole vyangu bado vinakumbuka kile kishimo laini. Alipona baada ya siku sita wodini. Simlaumu mama mkwe, kwani alinipa alichopewa na wakubwa wake, lakini mimi sina ruhusa ya kukirithisha.

Dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na ndiyo maana wakunga humweka kifuani ndani ya saa moja tangu azaliwe. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila hata maji, kisha chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Na hiyo miaka miwili wengi wetu tuliisoma madrasa, katika Sura ya Al-Baqara, kabla hatujaisikia kliniki. Kuhusu joto letu, maziwa yenyewe ni maji kwa karibu asilimia 88, kwa hiyo mtoto mwenye kiu anyonyeshwe.

Neno linalotushinda ni lile la "hana maziwa". Binti yangu wa mwisho alijifungua kwa upasuaji, na siku ya tatu chuchu zilikuwa zimepasuka, mtoto analia, nami, pamoja na yote niliyojifunza, nilikuwa nimeshamwita kijana wa kumtuma dukani akanunue maziwa ya kopo. Muuguzi hakutugombeza. Alimgeuza mtoto tumbo lake liguse la mama, akangoja apanue kinywa, kisha akamsogeza ili ashike sehemu kubwa ya weusi wa ziwa badala ya chuchu peke yake. Tulimsikia akimeza.

Hata hivyo wapo ambao maziwa hayatoshi kweli, au ugonjwa unawazuia, na hao wasisimangwe: wasaidieni kupima maziwa ya kopo kama yalivyoandikiwa, kwa maji yaliyochemshwa, na kumnywesha mtoto kwa kikombe, ambacho husafishika kuliko chupa. Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa zake afuate ushauri wa kliniki, si wa jirani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku akirudi kazini. Lakini binti anayeuza vitumbua barazani hana mwajiri wa kumdai saa hizo, na akikosa mtu wa kumshikia kikaango, mtoto ndiye atakayesubiri.

Basi mtakapoitwa kwa mzazi, anzieni kwenye beseni la nepi na jiko la mkaa, mwacheni alale mchana, na mtoto akilia usiku, mnyanyueni mumpeleke kwa mama yake kabla hamjagusa kijiko.

Wenu katika malezi,
Bibi wa wajukuu tisa, Tanga