Waamuzi wa magongo wapunguze kipenga

Mhariri,

Sisi mashabiki wa mpira wa magongo hapa Mombasa tumechoshwa na kipenga kisichokatika. Mpira ukigusa kiatu tu, pyuu, mchezo umesimama! Kanuni za FIH, shirikisho la kimataifa la magongo, hazisemi hivyo. Mpira kugonga mguu si kosa kila mara. Ni kosa mchezaji akinufaika, au akiuweka mwili makusudi ili auzuie. Tena adhabu hutolewa pale tu wapinzani wanapoathirika. Mshambuliaji keshampita beki, anaingia kwenye duara la kufungia mabao, nawe mwamuzi unampulizia filimbi eti apewe pigo huru: umemsaidia nani kama si mkosaji?

Ajabu ni kuwa panapotakiwa ukali, wengi hunyamaza. Fliki, yaani mpira unaosukumwa kwa gongo ukainuka juu, ya kumwelekea mpinzani aliye ndani ya mita 5 huhesabiwa kuwa hatari. Lakini nimeona mwamuzi akipunga mkono mchezo uendelee, na kijana wa watu ameruka kuokoa goti lake. (Wengi hawana hata vikinga vya miguu, ila hiyo ni barua nyingine.)

Wasimamizi wa ligi wawaketishe waamuzi na makocha pamoja kabla ya msimu kuanza, kanuni mkononi.

Shabiki wa magongo,
Tudor, Mombasa